Kichwa Kigumu

Mbogo yule alimuua mlinzi wa kiwanda cha matofali mchana kweupe, watu wakiona. Mlinzi alikuwa amezunguka nyuma ya tanuri kujisaidia. Waliokuwa wakipanga matofali walisikia kishindo kama cha gunia lililojaa kutupwa chini, kisha kimya, kisha kishindo tena. Walipokwenda kuchungulia wakamkuta mnyama amesimama juu ya mtu, anamkandamiza kwa paji la pembe, pale zinapokutana kichwani, anainua kichwa, anamkandamiza tena, bila haraka yoyote, kama mtu aliyepewa kazi ya siku nzima. Wakapiga kelele. Wakarusha matofali. Moja lilimpata mbogo mgongoni likavunjika vipande viwili. Akageuza uso akawatazama, halafu akarudi kwenye kazi yake.

Walichokuja kukizoa pale baadaye walikizoa kwa koleo.

Habari hizo Fundi alizipata kwa kaka yake, akiwa ameinamia mizani karakana, ameshikilia pumzi. Kaka mtu aliingia bila kubisha, mlango ukapuliza upepo ndani, sindano ya mizani ikaruka huku na huko.

"Nimekwambia mara ngapi ubishe?" Fundi akasema bila kuinua uso.

"Weka chini hiyo. Kuna mtu amekufa."

Kaka yake aliitwa Ngurumo, na aliyempa jina hilo hakukosea. Akikusalimia wewe, hata watu wa mtaa wa pili wanaitikia. Alikuwa mwindaji wa kuitwa: mnyama akishaua mtu au akivamia makazi, ofisi ya wanyamapori inampigia simu yeye. Na yeye alimtegemea dada yake, kwa sababu risasi za viwandani za bunduki kubwa kama zao zilikuwa zimeadimika. Fundi ndiye aliyekuwa anazijaza kwa mkono, moja moja, katika chumba cha bati nyuma ya nyumba walichoachiwa na baba yao. Alichukua maganda yaliyokwishatumika, akayaosha, akayarudishia umbo lake kwa mashine yenye mkono mrefu iliyofungwa juu ya meza nzito, akaweka fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, akapima baruti, akaimimina, kisha akasimika kichwa cha risasi juu. Feni ilikuwa marufuku humo ndani. Kucheka kulikuwa marufuku baruti ikiwa mizanini. Wifi yake, mke wa Ngurumo, alikuwa akisema chumba kile hata nzi huvua viatu mlangoni.

Kwa kupiga karatasi, Fundi alikuwa na shabaha kuliko kaka yake. Lakini alikuwa hajawahi kuua hata kuku. "Karatasi hairudi kukufuata," Ngurumo alikuwa akimtania.

Siku hiyo hakutania. Aliweka boksi dogo mezani. "Nijazie na hivi."

Fundi alifungua boksi, akachukua kichwa kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kilikuwa kizuri machoni: chembamba, chenye ncha kali, gamba la shaba linang'aa kama pete ya harusi. Akakibonyeza ncha kwa ukucha, ukucha ukaacha alama.

"Hiki ni cha swala, kaka."

"Nimemlaza nyumbu nacho juzi. Hakupiga hata hatua."

"Nyumbu si mbogo."

"Nyama ni nyama, bwana."

"Nyama ndiyo. Sasa mfupa je? Bega la mbogo lina mfupa mnene kuliko mkono wako huo. Juu ya mfupa kuna ngozi kama mkanda wa mashine, na juu ya ngozi kuna tope limekauka. Hiki kinachanua kikigusa tu kitu. Kitachanulia nje. Utampasua ngozi, utamtia hasira, basi. Piga ngumu." Akasogeza kikopo cha vichwa alivyoviamini yeye: butu, vizito, vimevikwa chuma pande zote, visivyojua kuchanua wala kupinda.

Ngurumo alivuta kigoda akakaa. "Hizo ngumu zako ni kama mgeni asiyekaa chini. Zinaingia huku, zinatokea kule, zinaendelea na safari. Unakumbuka lile dume la bondeni? Nimempiga vizuri kabisa, risasi ikatokea ubavu wa pili ikamvunja mguu jike aliyekuwa nyuma yake. Nikawa na majeruhi wawili porini, siyo mmoja. Sasa huyu yuko nyuma ya kiwanda. Kuna nyumba pale, kuna watu wanaanika nguo. Ikitokea, itakwenda kutua kifuani kwa nani?"

Yaliyosemwa yalikuwa kweli, Fundi alijua. Kulikuwa na aina ya katikati, laini lakini nzito, yenye gamba nene, inayochanua taratibu ikiwa imekwishazama. Ndiyo iliyofaa. Lakini ilikuwa imekwisha dukani, na mwenye duka alikuwa hajui italetwa lini.

"Basi subiri mpaka zije," akasema.

"Na yeye mbogo nimwambie asubiri?"

Walibishana mpaka wifi akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nyie watu, mnasikika mpaka barabarani. Mtu akipita atadhani mnagombea urithi."

Mwishowe Fundi alifanya alivyoambiwa. Alijaza zile nyepesi kwa uangalifu uleule, kila moja akiipima urefu kwa kalipa kabla ya kuiweka kando, kwa sababu hata kitu usichokipenda kikiwa kimetoka mkononi mwako kina jina lako. Kisha, bila kuulizwa, akajaza ngumu nyingine.

"Hizo za nani?" Ngurumo akauliza.

"Za bunduki ya baba."

"Vizuri. Maana utaibeba wewe."

Fundi alidhani hajasikia sawasawa. Msaidizi wa Ngurumo, yule aliyekuwa akisimama nyuma yake na bunduki ya pili, alikuwa amelazwa na homa, hawezi hata kukaa kitandani. Ofisi haikuwa na mtu mwingine.

"Mimi ni mtu wa mezani, kaka."

"Najua. Usimame tu nyuma yangu. Bunduki ya pili ni kama mwavuli; mara nyingi unarudi nao nyumbani haujafunguliwa."

Wifi alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akaondoka.

Asubuhi walikwenda. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mashimo makubwa yaliyoachwa na wachimbaji wa udongo, yamejaa maji na matete, na katikati ya mashimo kulikuwa na vichuguu vya kifusi virefu kuliko mtu. Aliyewaongoza alikuwa mfuata nyayo mmoja mwembamba, mkimya, aliyeitwa Pua, kwa sababu alikuwa na desturi ya kusimama, kunusa, na kusema mnyama yuko wapi kabla hajaona hata unyayo. Alisimama kwenye ukingo wa shimo la kwanza, akanusa.

"Ana kidonda," akanong'ona. "Kinaoza."

Walimwona punde. Alikuwa dume zee, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, ubavu umewaelekea, tope limemkauka mgongoni kama lipu. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, na juu ya kwato ulizama waya wa mtego, umekula nyama mpaka haukuonekana tena isipokuwa ncha yake iliyochomoza kama mwiba. Aliyeutega waya ule alikuwa mahali fulani anakunywa chai yake. Na mlinzi alikuwa kaburini.

Ngurumo aliinama kwenye kichuguu, akaweka bunduki begani. Kabla ya hapo alikuwa amempa Fundi konzi ya zile nyepesi. "Weka hizi kwenye ya baba. Kwa usalama wa watu." Fundi alizipokea, akazitia mfukoni, akaacha ngumu zikae pale pale zilipokuwa. Hakumwambia.

Mlio ulipiga kifua chake kabla ya masikio. Alimwona mbogo akiinama mbele kama aliyeteleza, vumbi la tope likaruka begani, likafuatwa na ukungu mwekundu. Kipande cha ngozi kilining'inia. Kwa nukta moja alidhani amekosea yeye, kaka yuko sahihi, mnyama anaanguka. Kisha mbogo akajinyanyua, akageuka kwa nguvu iliyomwaga maji mpaka ukingoni, akaingia kwenye matete, matete yakafunga nyuma yake.

Walingoja. Hawakusikia kuanguka. Hawakusikia ile sauti ndefu ya huzuni ambayo mbogo huitoa anapokufa.

Pua alishuka, akarudi na kitu kiganjani. Ilikuwa damu nyekundu nyangavu iliyochanganyika na chenga za mfupa, na ndani yake vipande vyembamba vya shaba, vimekunjamana kama maganda ya peremende. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Kichwa kile kizuri kilikuwa kimepasukia juu ya mfupa, hakikuingia.

Uso wa kaka yake ulikuwa umebadilika rangi, ukawa kama wa mtu aliyesikia jina lake likisomwa mahali pabaya.

"Nimemharibu," Ngurumo akasema, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakujua kama anayo. "Sasa ana njaa ya watu mara mbili."

Kwenda nyumbani hakukuwepo. Mbogo aliyejeruhiwa haachwi karibu na nyumba za watu. Waliyafuata matete kwa ukingoni, Pua mbele, Ngurumo katikati, Fundi nyuma, wakikanyaga taratibu kwenye udongo unaonata. Damu ilikuwa ikionekana kwenye majani, kimo cha bega, kisha ikapungua, kisha ikapotea. Pua alisimama, akanusa, akatikisa kichwa. Upepo ulikuwa umegeuka.

Hapo ndipo Fundi alipofungua mdomo. "Kaka. Badilisha. Weka ngumu."

Alikuwa amekusudia kumsaidia. Baadaye alilirudia neno lile kichwani mwake mpaka likapoteza maana.

Ngurumo alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakubishana. "Lete," akasema. Fundi alitoa ngumu kutoka mkandani, akamrushia mkononi, kisha akapanda kwenye kichuguu cha kifusi kilichokuwa kando ili apate kuona juu ya matete. Ngurumo alivuta bolti, kile chuma cha kufungulia bunduki, zile nyepesi zikaruka chini zikimetameta kwenye tope. Bunduki ikawa wazi na tupu.

Mbogo hakutokea mbele walikokuwa wakimtazamia. Alikuwa amezunguka. Alitokea nyuma na ubavuni, kutoka kwenye shimo walilokuwa wamekwishalipita, na hakupiga kelele. Kilichosikika ni matete yakivunjika na pumzi yake. Pua alisema neno moja, "Huyo!" akajitupa majini. Ngurumo aligeuka, risasi moja ngumu iko kati ya vidole vyake, bolti iko nyuma. Alijaribu kuisukuma ndani. Fundi aliona kidole gumba kikiteleza.

Pembe ilimwingia pajani na kumwinua. Mtu mzima, mkubwa, mwenye buti na mkanda na sauti ile yote, alikwenda juu kama shati kwenye kamba ya kuanikia, akaanguka, akainuliwa tena. Bunduki ilikwenda upande wake. Alipogonga ukingo wa udongo kulisikika mfupa ukivunjika. Mbogo akamfuata pale pale ukingoni, akashusha paji la pembe, akaanza kumkandamiza kwenye udongo. Ngurumo aliishika pembe moja kwa mikono yote miwili. Alikuwa akipiga kelele, na kelele ile haikuwa na maneno.

Fundi alipiga. Hakukumbuka kuinua bunduki. Risasi yake ya kwanza ilipita juu ya nundu ikachimba udongo upande wa pili, maana ule haukuwa uwanja wa karatasi na mikono haikuwa mikono yake. Akavuta bolti, ganda likaruka, akasukuma. Mikono ikatulia. Hilo ndilo lililomshangaza: ikatulia kama iko mezani.

Na kwa kuwa ilitulia, aliona kila kitu. Aliona kwamba amesimama juu na mbogo yuko chini, ubavu umemwelekea. Aliona bega zima, lile lisiloumizwa. Aliona kwamba risasi ikiingia pale itavunja bega hili, itapita mapafuni, itavunja bega la pili, itatokea chini ikielekea ardhini. Na pale itakapotokea, kati ya tumbo la mbogo na ukingo, palikuwa na mguu wa kaka yake, umelala, buti limeelekea juu, kamba zimefunguka.

Mfukoni zilikuwamo zile nyepesi. Nyepesi isingetokea upande wa pili. Nyepesi pia isingeingia. Vipande vyake alikuwa amekwishaviona kiganjani mwa Pua. Angeweza kushuka kifusi atafute upande mwingine wa kupigia. Kelele za Ngurumo zilikuwa zimekatika, zimebaki za kukoroma, na mbogo alikuwa ameinua kichwa tayari kushuka tena.

Alipiga.

Mbogo alianguka kwa magoti ya mbele kwanza, kama mnyama anayetaka kunywa maji, kisha akalala ubavu. Alijaribu kuinuka. Pembe zilichora udongo. Fundi alishuka mbio, akateleza, akainuka, akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio, akapiga tena. Damu ilimrukia usoni, ya moto. Ndipo mbogo akatoa ile sauti yake ndefu, ikaenda juu ya mashimo yote mpaka kiwandani, na watu waliokuwa wakisikiliza huko wakaanza kushangilia.

Pua alikuwa ametoka majini, anamvuta Ngurumo kwapani. "Mguu," akasema. "Dada, mguu!"

Paja la kushoto lilikuwa limechanwa na pembe. Lakini mguu wa kulia, chini ya goti, haukuwa mguu tena. Palikuwa na buti, palikuwa na goti, na katikati palikuwa na kitu kama kitambaa chekundu kilicholowana, kinarusha damu kwa mapigo. Fundi alifungua mkanda wa bunduki, akaufunga juu ya goti, akatia kijiti, akakizungusha. Alizungusha mpaka Ngurumo akapata fahamu kwa maumivu na kumpiga ngumi ya mdomo. Hakuachia. Jino lililegea, damu yake ikachanganyika na ya mbogo kidevuni, na yeye akaendelea kushikilia kijiti kile ndani ya lori la matofali njia nzima, mpaka mhudumu wa hospitali alipovibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Madaktari walikata chini ya goti. Paja walilishona. Mbavu zilizovunjika wakasema zitaunga zenyewe.

Wifi alikuja akiwa amevaa kandambili zisizofanana. Aliingia kwa daktari, akatoka, akamjia Fundi aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini na nguo zilezile zilizokauka damu.

"Daktari anasema lile la mguu si jeraha la pembe."

"Si la pembe, wifi."

"Ni la nini?"

"Ni risasi. Ni mimi."

Wifi alimpiga kibao. Watu waliokuwa wakingoja dirishani kwa dawa wakageuka. Akampiga cha pili, upande wa pili, kwa nguvu zaidi. Fundi aliacha mikono yake magotini. Cha tatu hakikuja. Wifi aliinua mkono, ukabaki hewani, kisha akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la Fundi, akalia hapo hapo, na Fundi hakujua kama aweke mkono kichwani mwake au asiweke. Akauweka.

Ngurumo alipopata nguvu ya kuongea, alimwita.

"Ulijua mguu wangu uko pale?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba itapita?"

"Nilijua."

"Nilikupa nyepesi."

"Zilikuwa mfukoni."

Ngurumo akageuza uso ukutani. "Toka."

Alirudi nyumbani kwa magongo, akakaa sebuleni mbele ya dirisha, akawa hasemi na dada yake. Fundi akileta chakula, alimwambia mkewe, "Mwambie aweke hapo." Majirani walikuja kumpongeza kwa kupona, wakamsifu dada mtu kwa ujasiri, naye akaitikia kwa kuguna. Wengine walijiongezea: kwamba Fundi alimpiga makusudi kwa sababu ya nyumba ya baba yao, kwamba alikuwa akitetemeka kama jani. Pua, asiyependa maneno, alimshika mmoja wa wasemaji hao kola ya shati dukani, akamsukuma ukutani mpaka chupa zikaanguka rafuni, akamwambia, "Mimi nilikuwapo. Wewe ulikuwa wapi?"

Fundi aliifunga karakana. Kila alipoinua kichwa kigumu kimoja kwenye mwanga aliona buti lenye kamba zilizofunguka. Lakini ofisi ilipiga simu, ikapiga tena. Kulikuwa na viboko wanaoingia mashambani, na mwindaji mwingine aliyepatikana alihitaji risasi. Asubuhi moja Fundi alifungua mlango, akafuta vumbi mezani, akaweka mizani sawa.

Ngurumo alisikia mkono wa mashine ukishuka. Sauti hiyo alikuwa ameisikia tangu baba yao yuko hai. Alinyanyuka kwenye kiti chake, na kabla mkewe hajamaliza kuuliza anakwenda wapi, alikuwa uani.

Hakubisha. Aliupiga mlango kwa gongo, akaingia, akapiga mizani. Kioo chake kilitawanyika chumba kizima. Akapiga vikopo, vichwa vizito vikamwagika sakafuni vikibingirika kila upande. Akapiga rafu ya maganda. Fundi alisimama kando ya meza, ameishikilia chupa ya baruti kifuani, akiikinga kama mtoto, maana aliijua baruti kuliko alivyomjua kaka yake.

"Unaendelea?" Ngurumo akapiga kelele, na sauti ilikuwa imerudi yote, bati la paa likatetemeka. "Unakaa hapa unaendelea kutengeneza hivi?"

Akamrukia. Alimshika shingoni kwa mkono mmoja, gongo likateleza juu ya vichwa vilivyomwagika, na wote wawili wakaanguka chini, yeye juu. Chupa haikuvunjika. Vidole vyake viliendelea kubana. Fundi aliona weusi ukiingia pembeni mwa macho, na hakumpiga, wala hakumsukuma, alimtazama tu. Kisha vidole vikalegea. Ngurumo akajibingirisha akalala chali juu ya vigae vya kioo, anahema.

"Kila siku," akasema, "kila siku iliyokuja, nikikaa dirishani pale najiweka mimi juu ya kile kifusi na wewe nakuweka chini. Najiuliza ningefanya nini."

Fundi alikuwa akikohoa.

"Ningepiga. Kila siku jibu ni hilo hilo. Ningekuvunja mguu mwenyewe kwa mkono wangu. Natafuta mtu wa kumkasirikia simpati, nakuona wewe."

"Nikasirikie mimi basi," Fundi akasema, sauti yake imekwaruza. "Mimi ndiye niliyekwambia ubadilishe risasi. Bila mimi bunduki yako ingekuwa imefungwa."

"Imefungwa na nini? Na yale maganda ya peremende?" Ngurumo alianza kucheka, akashika mbavu zake ambazo zilikuwa hazijapona sawasawa, cheko likageuka kuwa kilio, na alilia kwa sauti ile ile anayosalimia nayo watu, mtaa mzima ukasikia. Fundi alilala kando yake, chupa ya baruti juu ya tumbo, akamwacha alie. Machozi yake mwenyewe yalimwingia masikioni.

Wifi alikuja mlangoni na fagio. Alitazama mizani iliyovunjika, rafu iliyoanguka, damu kidogo kwenye kiwiko cha mumewe, alama za vidole shingoni mwa wifi yake.

"Mmemaliza?" akauliza.

Ngurumo akajifuta machozi kwa kiganja.

"Kama hamjamaliza niambieni nirudi baadaye. Kama mmemaliza, msiguse kitu, kuna vioo kila mahali, na mimi sina nguvu za kurudi hospitali." Akaanza kufagia kutoka mlangoni, taratibu, akijitengenezea njia mpaka akawafikia. Akaegemeza fagio mezani, akainama, akamshika mumewe kwapa la kulia. Fundi alijiinua, akaweka baruti mahali salama, akamshika la kushoto.

"Haya," wifi akasema, "pamoja." Wakamnyanyua.